KIJANA NA KURA: NGONJERA IRUDISHIWE SWALI LAKE



Katika shule nyingi nchini, ngonjera hufufuka siku anapokuja mgeni rasmi. Wanafunzi husimama mistari miwili. Upande mmoja hujifanya haujui, upande wa pili huelimisha, na baada ya beti chache wote hukubaliana, huwashukuru viongozi, nao wageni hupiga makofi. Miaka michache baadaye wanafunzi hao hao hutimiza umri wa miaka 18, na kwa mujibu wa ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 huwa wamepata haki ya kupiga kura. Hapo ndipo makofi yale hupimwa thamani yake.

Hesabu za chaguzi zilizopita zinajulikana. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2010 waliojiandikisha walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 9, yaani kiasi cha watu 43 katika kila 100. Mwaka 2015 idadi ilipanda hadi watu 67 katika kila 100, na mwaka 2020 ikashuka tena hadi karibu nusu. Hesabu hizo ni za wapiga kura wa rika zote. Hata hivyo, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na walio wengi miongoni mwao ni watoto na vijana, hapana budi kukiri kwamba hatima ya sanduku la kura imo mikononi mwa vijana.

Sababu za kijana kutokwenda kituoni ni nyingi, na nyingine ziko nje ya uwezo wa mwalimu. Lakini ipo moja iliyo ndani ya uwezo wake kabisa. Kijana hufundishwa kuimba habari za nchi yake kabla hajafundishwa kuiuliza nchi yake swali. Sanaa aliyokabidhiwa imekatwa ulimi, naye akiwa mtu mzima huiona kura kama alivyoiona ngonjera ya mgeni rasmi: jambo lililokwisha kuamuliwa na wengine, ambalo yeye huitwa kulipamba tu.

CHIMBUKO LA NGONJERA

Haikuwa hivyo tangu awali. Katika upwa wa Afrika Mashariki, ushairi ulikuwa baraza la siasa kabla ya kuwapo magazeti na redio. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mashairi juu ya ugomvi wa Mombasa na watawala wa Lamu na Unguja, na watu wa mji walipima hali ya mambo kwa tungo hizo. Wakati wa kudai Uhuru, washairi walikuwa mstari wa mbele. Saadani Abdu Kandoro alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TANU tarehe 7 Julai, 1954. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka huo huo wa 1954 alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam na hatimaye Waziri wa Sheria. Watu hao hawakuona kwamba kalamu ya shairi na kazi ya uraia ni vitu viwili mbalimbali.

Mwaka 1968, Mwalimu Julius Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha. Mathias Mnyampala, mshairi mzaliwa wa Ugogo, alikwisha kuyakuza mashairi ya majibizano ambayo ndiyo ngonjera, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1969. Siri ya fani hiyo ilikuwa ubishi. Asiyejua aliruhusiwa kubisha. Alitoa hoja, akapinga, akadai aelezwe, na mjuzi alilazimika kujibu kwa hoja. Msikilizaji aliyekuwa na shaka moyoni aliisikia shaka yake ikisemwa hadharani, na kwa hiyo alikuwa tayari kulisikiliza jibu.

Ni kweli kwamba tangu wakati ule mwisho wa ngonjera ulikuwa umepangwa: lazima wabishanao wapatane. Kasoro hiyo ilikua kadiri miaka ilivyopita. Mbishi alipunguziwa beti, hoja zake zikafanywa za kipumbavu, na mwisho wake akabaki mtu wa kuitikia. Fani iliyozaliwa kwa ajili ya kujadiliana ikawa fani ya kusifu.

REDIO NA KIJIJI

Historia ya nchi inaonyesha njia iliyo bora zaidi. Mwaka 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kwa redio mafunzo yaliyoitwa Uchaguzi ni Wako, kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka huo. Wananchi walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana wenyewe. Utaratibu huo huo ulitumika mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Nguvu ya mafunzo hayo ilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kunyamaza. Watu hawakuachwa wasikilize tu. Waliulizwa wanaonaje, na katika Mtu ni Afya waliamua wafanye nini, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima.

Lakini majadiliano yana maana pale tu uamuzi unapoweza kubadili jambo. Katika uchaguzi wa 1965, ijapokuwa chama kilikuwa kimoja, katika majimbo mengi ya Bara wananchi waliwekewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wabunge wengi waliangushwa, na Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, naye alishindwa. Mkulima asiyejua kusoma alichagua jembe au nyumba, kisha akasikia kwamba waziri ameondoka. Hakuna shairi linaloweza kuifundisha nguvu ya kura kushinda tukio kama hilo.

Mfano wa pili ni wa kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi pamoja na wanakijiji hapo. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa mjini. Wanakijiji, vijana wakiwamo, walitafuta wenyewe yanayowasumbua, likiwamo tatizo la mimba za wasichana, wakayatia katika ngoma na maigizo, na baada ya onyesho watazamaji wakayajadili. Kijana ambaye katika mkutano wa kawaida hangethubutu kusimama mbele ya wazee, aliweza kulisema neno lake kwa kinywa cha mhusika. Wazee nao waliweza kulisikia bila kuona wamevunjiwa heshima. Hiyo ndiyo hekima ya sanaa katika jamii inayotunza adabu: humpa mdogo nafasi ya kusema na mkubwa bila kumtusi.

WIMBO WA VIJANA

Wapo watumishi wanaodhani kwamba vijana wa leo hawajali mambo ya umma. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 2001, Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, alitoa wimbo Ndio Mzee, uliomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi zisizo na kikomo. Nchi nzima iliuimba. Mwaka 2015 mwanamuziki huyo alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi. Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu, alikuwa amekwisha kumtangulia kwa kuchaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Vijana waliowapenda kwa nyimbo zao waliona kwamba njia itokayo jukwaani hadi bungeni inapitika.

Upo pia mfano wa mwezi Machi 2017. Mwanamuziki Ney wa Mitego alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo wake Wapo. Muda si muda, Waziri mwenye dhamana ya habari na utamaduni, Dk. Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza mwanamuziki huyo aachiwe na wimbo wake uendelee kupigwa. Mtumishi wa umma anapaswa kulitafakari tukio hilo kwa makini. Ikiwa wimbo ule ulistahili kupigwa, basi ulistahili hivyo tangu siku ya kwanza, na busara iliyosubiriwa kutoka Ikulu ingeweza kupatikana katika ofisi yoyote ya wilaya. Si kila kijana ambaye shairi lake limezuiwa atabahatika kusikiwa na Rais.

Nje ya mipaka, nchi ya Senegali imetoa somo kubwa. Mwezi Januari 2011, wakati wa kukatika umeme mara kwa mara, mwandishi wa habari Fadel Barro na wanamuziki Thiat na Kilifeu wa kundi la Keur Gui kutoka mji wa Kaolack walikuwa miongoni mwa walioanzisha harakati iitwayo Y'en a Marre. Walizunguka kwa nyimbo na mikutano wakiwahimiza vijana wajiandikishe na kulinda kadi zao za kura. Tarehe 23 Juni, 2011, wao na wananchi wengine waliandamana kuupinga muswada ambao ungemwezesha mgombea urais kushinda duru ya kwanza kwa asilimia 25 tu ya kura, na serikali ikauondoa. Mwezi Machi 2012, Rais Abdoulaye Wade alishindwa na Macky Sall katika duru ya pili, naye akayakubali matokeo. Baada ya hapo vijana wale waliendelea kuwahoji hata watawala wapya. Walikuwa wamefahamu kwamba kura ni mwanzo wa kazi ya raia.

FUNZO LA MWAKA 2025

Ndugu, mazungumzo haya yangekuwa na upungufu kama yangeruka yaliyotokea nchini. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba, 2025 uliandamana na maandamano, machafuko na vifo. Intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo katika karatasi za kura, na kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Wengi walioonekana barabarani walikuwa vijana wa umri ule ule wa waliotoka katika madarasa ya sekondari juzi.

Walimu walio katika vyumba vya madarasa wanaijua hali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa waliofariki na waliojeruhiwa ni watoto wa nchi hii, na baadhi ya wenzao wamekaa madawatini wakisubiri kuelezwa. Kuwapa wanafunzi hao ngonjera nyingine ya kusifu itakuwa ni kuwafundisha kwamba maneno hayana kazi. Sanaa haiwezi kumpeleka kijana kwenye kura ambayo anaamini haichagui. Panapokosekana hiari ya kweli kati ya mgombea na mgombea, wito wa kujitokeza hugeuka kelele, hata ukitiwa vina na mizani.

KAZI ILIYO MBELE

Yapo, hata hivyo, ambayo mwalimu aweza kuyafanya bila kusubiri waraka wowote. Kwanza, awaachie wanafunzi watunge wenyewe. Shairi lililoandikwa na mwalimu na kukaririwa na watoto humfunza mtoto kukariri tu. Pili, mbishi katika ngonjera apewe hoja nzito. Akiuliza fedha za ushuru wa soko zimekwenda wapi, ajibiwe kwa hesabu za halmashauri zilizobandikwa ubaoni. Na kama hesabu hazikubandikwa, ngonjera imalizike kwa swali likiwa hai. Tatu, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ufanyike kwa kura ya siri, wagombea wajieleze kwa hotuba, shairi au igizo, na aliyeshinda aachwe ashike kazi hata kama hakuwa chaguo la walimu. Nne, jukwaa la shule lisitumiwe kumpigia debe mgombea wa chama chochote. Mtoto afundishwe namna ya kuchagua, na asifundishwe amchague nani.

Afisa utamaduni na watumishi wa halmashauri nao wana sehemu yao. Kibali cha onyesho kisiwe kitanzi. Diwani na mtendaji wa kata waalikwe kutazama igizo la vijana wakiwa wasikilizaji, kisha wasimame wajibu. Mtumishi akijibu kwa uungwana swali la kijana wa miaka 16 juu ya kisima kilichoharibika, atakuwa amefanya kampeni ya kura iliyo bora kuliko mabango yote ya barabarani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ngonjera ilijengwa juu ya usemi huo, na demokrasia vile vile, kwani kura ni swali ambalo mwananchi humwuliza mtawala wake kila baada ya miaka mitano. Taifa lililomzoeza kijana kuuliza kwa shairi, kwa wimbo na kwa igizo litamkuta kituoni siku ya kura, akiwa na kadi mkononi na hoja kichwani. Walimu wakumbuke hayo kila wanapowapanga wanafunzi mistari miwili: anayeuliza apewe nafasi ile ile ya anayejibu, na mgeni rasmi akae asikilize mpaka mwisho.