Kupima Mzigo wa Mashine ya Hesabu

Maneno ya Karani Mwangalizi wa Kompyuta katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya kazi isiyoonekana shambani, lakini ambayo kila mkulima huionja siku ya malipo.

Hesabu zenu zote, yaani uzito wa mazao, makato ya pembejeo na fedha mnazodai, zimewekwa katika hifadhidata ndani ya mashine iitwayo seva. Sehemu yake ifanyayo hesabu ni prosesa. Prosesa yetu ina viini 4.

Mwaijua mizani ya ghalani. Penye mizani 4, wakija wakulima 4, kila mmoja hupimiwa papo hapo. Wakija 12, wanne hupimiwa na 8 hungoja juani. Ndivyo ilivyo prosesa. Seva itumiayo mfumo wa Linux hutoa tarakimu 3: wastani wa mzigo wa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Kwa viini 4, mzigo wa 4 si ubaya; mizani zote zina kazi. Mzigo wa 12 ni foleni. Tarakimu ya dakika 1 ikizidi ile ya dakika 15, foleni yarefuka. Ikiwa ndogo kuliko hiyo, foleni yapungua.

Lakini tarakimu hizo hazisemi sababu. Zinahesabu pia kazi zinazoingoja diski. Kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa na huku prosesa haina shughuli nyingi, yafaa kuitazama diski kwanza.

Jambo hili tulijifunza kwa uchungu. Msimu mmoja, siku ya malipo, mzigo ulipanda, makarani wakakaa wakingoja, na wakulima waliotoka mbali wakarudi jioni mikono mitupu. Baadhi yetu, nami nikiwamo, tulisema inunuliwe seva mpya. Halmashauri ikatuuliza: "Mmetazama ni kazi gani inayoishughulisha?" Hatukuwa tumetazama. Tulipotazama, tuliona kwamba kila ilipotafutwa stakabadhi kwa namba ya mwanachama, mashine ilisoma daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa namba hiyo haikuwa na faharasa. Tukaiweka faharasa, na foleni ikaisha. Fedha za seva mpya zikabaki kuwa zenu.

Tangu hapo twaandika mzigo kila siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, hata siku za utulivu. Maana asiyeijua hali ya kawaida hawezi kuutambua ugonjwa unapoanza. Tena taarifa ndefu huandaliwa usiku, si saa za malipo.

Waheshimiwa wajumbe, nawasihi: karani akija kuomba mashine mpya, mwombeni kwanza daftari la mzigo. Nanyi wakulima, mkiambiwa kwamba mashine imechoka, ulizeni imechoshwa na nini. Hiyo ni haki yenu, maana mashine ni yenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

 Udumu Ushirika wetu.