Hewa Ukaa ya Mikutano Yetu: Tuanze na Orodha ya Waalikwa



Wengi wenu hapa mnaandaa warsha, makongamano na matamasha. Mnafahamu kwamba siku hizi suala la mazingira limeingia kwenye vikao vya maandalizi, na mara nyingi hukabidhiwa kamati ya mapambo. Chupa za plastiki zinaondolewa mezani, mabango yanapunguzwa, mgeni rasmi anapanda mti. Hayo ni mema na yaendelee. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hewa ukaa ya mkutano hutoka washiriki wakiwa bado njiani, na kamati ya mapambo haina mamlaka juu ya safari.

Tupige hesabu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Ya petroli, takriban kilo 2.3. Tuseme mkutano uko Dodoma na mkurugenzi mmoja anatoka Dar es Salaam kwa gari la ofisi, yeye na dereva wake. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 900. Gari likitumia lita 120 za dizeli, hiyo ni kilo 324 kwa mshiriki mmoja. Basi lenye abiria 50, likitumia lita 270 kwa safari hiyohiyo, litatoa kilo 729, na fungu la kila abiria halifiki kilo 15. Tofauti inazidi mara ishirini. Jenereta la ukumbini linalokunywa lita 15 kwa saa, likiwashwa saa nane, nalo linamaliza lita 120, sawasawa na gari la mkurugenzi.

Ndege ni mzigo mwingine. Mtoa mada anayetoka London kuja Nairobi na kurudi husafiri zaidi ya kilometa 13,000. Hata akiwa daraja la kawaida, fungu lake ni kati ya tani 1 na zaidi ya 2, kutegemea njia ya ukokotoaji. Kwa tani 1.5 tu, amewafikia abiria 100 wa basi letu. Sisemi wageni wasialikwe. Nasema anayekuja kuzungumza kwa dakika ishirini na kuondoka anaweza kusikika vizuri kupitia intaneti, na nafasi ile apewe mtu ambaye bila kufika hatasikika kabisa, kama mvuvi au mfugaji.

Takwimu za kazi hii tayari mnazo. Ziko kwa mhasibu: risiti za mafuta, tiketi, fomu za posho zinazoonyesha mtu katoka wapi, na daftari la safari za kila gari. Ongezeni swali moja kwenye fomu ya usajili: umekuja kwa chombo gani, mkiwa wangapi? Makadirio yanatosha mradi njia yake iandikwe, ili mwakani mlinganishe.

Kwamba inawezekana kupunguza, Paris imeonyesha. Waandaaji wa Olimpiki ya 2024 walijiwekea kikomo cha hewa ukaa kabla ya kuanza. Walitumia zaidi viwanja vilivyokuwapo au vya muda, wakavuta umeme wa gridi mahali ambapo zamani yangewekwa majenereta ya dizeli. Ripoti yao ilitaja tani milioni 1.59, chini ya nusu ya wastani wa London 2012 na Rio 2016.

Kwetu, treni ya umeme ya SGR imeunganisha Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Tiketi ya treni iwe ndiyo utaratibu, na anayetaka gari aeleze sababu. Jikoni pia kuna la kufanya: kilo moja ya nyama ya ng'ombe, kwa wastani wa dunia, ina gesijoto mara kadhaa zaidi ya kilo ya kuku, na maharage yako chini kabisa. Mpishi asiyetumia mkaa apewe kipaumbele kwenye zabuni.

Kinachobaki ndicho cha kufidia. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi, Kwale, umekuwa ukiuza hewa ukaa ya mikoko tangu miaka ya 2010, na mapato yamesaidia maji na shule. Kununua kwao ni jambo zuri baada ya kupunguza. Anayenunua ili aendelee kusafiri vilevile hajapunguza kitu.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa AFCON, na mashabiki watavuka mipaka kwa wingi. Naziomba kamati zilizoko hapa zianze na mkutano wao ujao, hata uwe wa watu thelathini: kwenye jedwali la bajeti, pembeni ya safu ya shilingi, wekeni safu ya kilo za hewa ukaa, na bajeti isipitishwe safu hiyo ikiwa tupu.