Mazoezi Mafupi na Mwendo wa Damu Mwilini



Vitabu vya chama hukaguliwa kila mwaka, lakini mtaji wake wa kwanza, ambao ni afya ya mwanachama, mara nyingi haukaguliwi. Yafaa basi ifahamike namna damu inavyotenda kazi mtu anapojikaza kwa dakika chache tu.

Hamali wa soko la Tandale, Kinondoni, akiwa amepumzika, moyo wake husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika. Akijitwika gunia na kukaza mwendo, kiasi hicho huweza kuzidi lita 15. Mishipa ya misuli hupanuka, ile ya tumbo hujibana, na sehemu kubwa ya damu huelekezwa kwenye kazi. Ni nguvu hiyo hiyo iliyombeba Filbert Bayi huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia.

Damu yenyewe nayo hubadilika. Sehemu ya maji yake hupenya kuingia misulini, na mengine hutoka kwa jasho. Chembechembe nyekundu husongamana, damu ikawa nzito. Uwezo wake wa kuganda nao hupanda kwa muda. Mwenye afya njema hurejea hali yake ya kawaida. Lakini mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au selimundu yumo hatarini, hasa katika joto la Dar es Salaam. Tena, akomaye ghafla baada ya mbio, damu hutuama miguuni, naye huweza kuzirai.

Hii si sababu ya kuogopa mazoezi. Kwa aliyezoea, maji ya damu huongezeka, na damu huwa nyepesi zaidi. Mwanzo kokochi, mwisho nazi: karani wa Temeke aliyeketi wiki nzima asianze Jumapili kwa mbio za kasi. Atembee kwanza, anywe maji, amalize polepole. Na mwenye maradhi amwone mganga kabla ya kuanza.

Vyama navyo viweke maji safi ya kunywa ghalani. Gharama ya mtungi mmoja ni ndogo katika vitabu; hasara ya mwanachama mmoja haina safu ya kuiandikia.