Sitara ya Maskini: Maneno juu ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo

Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya wanachama na halmashauri ya jubilei



Nimeagizwa na Baba Paroko niseme maneno machache juu ya chama chetu cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, yaani asili yake, kazi zake, na ushirika wa wanachama wake. Agizo hili nimelipokea kwa furaha, kwa kuwa chama hiki wengi hukiona, bali wakijuao ni wachache. Watu wakiona wawili wanapita jioni na kikapu husema, "Hao ndio wa Vinsenti," na khabari huishia hapo. Tena ninalo shauri moja juu ya sikukuu yetu ya jubilei, nami nitalisema waziwazi, maana jambo lenyewe lagusa heshima ya watu ambao hawamo humu ndani leo kujisemea.

Kwanza asili. Mtakatifu Vinsenti hakukianzisha chama hiki kwa mkono wake mwenyewe. Yeye alifariki mwaka wa 1660, na chama kilizaliwa mwaka wa 1833. Lakini mzizi wake ni kazi aliyoifanya mwaka wa 1617, alipokuwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon, nchi ya Ufaransa. Dominika moja, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, aliletewa khabari ya nyumba moja nje ya mji ambamo watu wote ni wagonjwa, hata hapana wa kumpa mwenziwe maji. Akalitaja jambo hilo katika mahubiri yake. Baadaye alipotoka kwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu, hawa waenda, hawa warudi, wamechukua vyakula vingi kuliko nyumba ile ilivyoweza kula. Padre mwingine angalifurahi, akashukuru, akarudi zake nyumbani. Vinsenti alifurahi, walakini aliona kasoro: leo chakula kitaoza, na kesho kutwa wagonjwa wale wale watalala na njaa. Basi akawakusanya wanawake wa mji, akawapangia zamu, kila mmoja na siku yake, akawaandikia na taratibu.

Na katika taratibu zile hakuandika habari za nyama na mkate tu. Aliandika namna ya kuingia kwa mgonjwa, kumwamkia kwa uso mkunjufu, kumtandikia kitambaa, kumnawisha mikono, na kumhimiza ale kwa maneno ya upole, kama mama ahudumiavyo mwanawe. Kitambaa na maji ya kunawa! Mtu aweza kuuliza, je, mwenye njaa ana haja gani na kitambaa? Nami nasema, hapo ndipo tunapomjua Vinsenti. Alitaka mgonjwa ale kama mtu mwenye nyumba yake, wala si kama mnyama aliyetupiwa majani.

Miaka zaidi ya 200 ikapita. Katika mji wa Paris alikuwako kijana jina lake Frédéric Ozanam, aliyezaliwa Milan mwaka wa 1813 akalelewa Lyon, naye alikuwa akisoma sheria. Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliua watu maelfu katika mji ule. Ozanam na wenziwe walikuwa na baraza yao ya kujadiliana mambo ya historia na dini, na wapinzani wakawauliza: zamani dini yenu ilitenda mema, bali leo ninyi mwafanya nini? Swali hilo liliwachoma. Tarehe 23 Aprili 1833, siku ile ile Ozanam alipotimiza miaka 20, wakakutana wanafunzi wachache pamoja na mtu mzima mmoja, mwenye gazeti, Emmanuel Bailly, wakakata shauri la kuwahudumia maskini. Ila hawakujua pa kuanzia, kwa kuwa mlango wa maskini hata mmoja hawakuujua. Wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, wa shirika lile aliloliunda Mtakatifu Vinsenti pamoja na Mtakatifu Luisa de Marillac mwaka wa 1633. Yeye alikuwa akiishi katikati ya mafukara wa mtaa wa Mouffetard. Akawapa jamaa za kuwazuru, na vyeti vya mkate, akawafundisha pia adabu ya kuingia.

Ozanam baadaye alikuwa mwalimu mkubwa katika chuo cha Sorbonne, akaoa, akapata binti mmoja, wala hakuacha kupanda ngazi za nyumba za maskini. Alifariki mwaka wa 1853, umri wake miaka 40. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 22 Agosti 1997, na Sista Rosalie naye mwaka wa 2003. Angalieni, ndugu zangu: Ozanam hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mtu wa ndoa, mwenye kazi na mshahara na deni la kulipa, kama ninyi. Chama chake leo kimo katika nchi zipatazo 150.

Huku kwetu pwani kazi ya huruma haikungoja chama. Padre Fava alipofika Unguja mwaka wa 1860, alifika na Masista, na mara wakaanza kuwatibu wagonjwa. Na mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka wa 1868, watu wao wa kwanza walikuwa ni waliokombolewa katika utumwa. Wazee wetu nao, kabla hawajasikia jina la Vinsenti, walijua kulimiana, kuzikana, na kukaa matangani. Kwa hiyo mbegu hii haikuangukia mwambani.

Sasa nieleze kikao chetu, maana wengi wenu hamjaingia. Twakutana kila juma, si kila mwezi. Twaanza kwa kupiga magoti na kusali. Kisha husomwa neno la kiroho, na katibu husoma daftari ya kikao kilichopita. Halafu kila wawili husimulia nyumba walizozuru: wamekuta nini, wameacha nini, na nini kimepungua. Hapa ndipo kikao kinapokuwa kirefu, na ndipo penye utamu wake. Fundi mwashi husema, "Ukuta ule utaanguka kabla ya masika," na papo hapo wanapatikana wanne wa kwenda Jumamosi kuusimamisha. Mama muuza samaki husema, "Yule mzee hasikii vizuri, mkibisha hodi ingieni upande wa jikoni." Mambo haya hayakuandikwa katika kitabu chochote, hupatikana kwa miguu.

Mwisho mfuko hupitishwa. Mfuko wetu ni wa kitambaa kizito, mdomo wake ni mwembamba, na kila mtu hutia mkono wake ndani ukiwa umefumbwa. Mwenye elfu kumi hutia, mwenye mia tano hutia, na ambaye juma hili hana kitu hutia mkono mtupu na kuutoa, wala jirani yake hajui. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Chai tunywayo baadaye hailipwi na mfuko huo hata senti moja. Kila mmoja huja na sukari yake, na wako wanaojulikana kwa kuisahau.

Tena wawili waendao pamoja hawajichagui. Mwenyekiti huwapanga, na kwa makusudi humweka mwenye duka pamoja na mfagia soko, na mwalimu wa skuli pamoja na mama asiyejua kusoma. Mwanzoni hunyamaziana njiani. Baada ya miezi mitatu utawakuta wamesimama njia panda wakicheka, kikapu kikiwa chini. Mimi nimewaona watu waliokuwa hawaamkiani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba wakipatanishwa na kazi hii, si kwa mahubiri, bali kwa sababu gunia moja lahitaji watu wawili.

Na kuzuru ndiko kiini cha chama. Mzee mmoja alipelekewa unga na watu wema kwa muda mrefu. Wanachama wetu walipoketi kwake nusu saa, wakaona mifuko mitatu ya unga pembeni, imeingia wadudu, na mwenyewe amekonda. Kumbe hakuwa na kuni, wala nguvu ya kusonga. Alikuwa akiupokea unga na kushukuru, kwa kuwa mtu mzima haombi mara mbili. Haja yake ilikuwa ni jirani wa kumpikia, naye akapatikana nyumba ya pili, mama Mwislamu, ambaye alisema, "Mbona hamkuniambia? Sufuria yangu iko motoni kila siku." Sasa chama hupeleka unga kwa mama huyo, naye humpelekea mzee sahani iliyofunikwa kawa. Nimeikumbuka Châtillon: chakula kingi, na mtu bado ana njaa.

Nimekuja sasa katika shauri langu. Halmashauri ya jubilei imependekeza kwamba siku ya sikukuu, baada ya Misa, maskini wetu waitwe kwa majina, wasimame mbele ya altare, wapewe kila mmoja mchele, blanketi na kanga, watu wapige makofi, na picha zipigwe. Nia ya halmashauri ni njema, wala simsingizii mtu majivuno. Sababu zao nimezisikia: kwamba waliotoa wapate kuona vitu vimefika, kwamba vijana wajifunze kutoa, na kwamba sadaka ifanyikayo gizani huweza kuliwa gizani.

Nianze na hii ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Ni kweli kwamba siri yaweza kuficha mwivi. Kwa ajili hiyo wanachama huenda wawili, si mmoja. Daftari ya mweka hazina hukaguliwa na Baba Paroko. Na hesabu za shilingi, na idadi ya nyumba, zaweza kusomwa mbele ya watu wote jubilei hiyo hiyo. Jueni shilingi zote, mpaka ya mwisho. Majina ya watu ndiyo yasiyosomwa. Mwenye kutaka kuona kwamba vitu vimefika, na aje achukue gunia, ataona mlango kwa macho yake.

Ama vijana, hujifunza kile wakionacho. Wakiona mtu anapewa blanketi kwa makofi, watajifunza kwamba blanketi huliliwa mbele za watu.

Katika kigango kimoja, ambacho sikitaji, jambo hili lilikwisha kufanyika. Mjane mmoja aliitwa mbele, akapewa blanketi, akapiga goti, akashukuru vizuri. Juma lililofuata watoto kisimani walimwita "Mama Blanketi." Jina hilo lilimshika. Binti yake alikuwa ameposwa, na upande wa mume wakaanza kuulizana kama watoa mahari kwa nyumba ya ombaomba. Mama yule hakusema neno kwa mtu. Aliacha tu kuja kanisani, na blanketi akalirudisha usiku, limekunjwa, juu ya kizingiti cha nyumba ya mwalimu. Baridi ya mwezi wa Julai aliipitisha kwa kujifunika magunia. Ndugu zangu, mtu mwenye baridi arudishapo blanketi, si kiburi chake tunachopaswa kukitazama.

Katika lugha yetu twalo neno sitara. Mwenye nguo moja ana sitara; mwenye mlango ufungikao ana sitara; na maiti hata akiwa fukara namna gani hapelekwi kaburini bila sitara. Mzuru maskini ni kama mwosha maiti, na wahenga wamekwisha sema nani ajuaye aibu ya maiti. Mwosha asimuliaye barazani haitwi tena. Bwana wetu Yezu Kristu naye alitufundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo wa kuume. Sasa sisi twataka kuuonyesha mkono wa kuume kwa parokia nzima, na kwa simu za vijana, ambazo picha zake hazifutiki, zitamfuata mtoto wa mjane hata akiwa mtu mzima mjini.

Tena siku ya jubilei maskini wana haki ya kuwamo kanisani kama wakristu wengine, wameketi mahali wapendapo, wamevaa walichonacho, wakiimba. Miaka yote ya jimbo hili wao nao wamebeba mawe ya kanisa na maji ya kukandia udongo. Sikukuu ni yao. Kwa nini katikati ya sikukuu yao wenyewe wawe wageni wa kuonyeshwa?

Basi nashauri hivi, na naomba halmashauri ilipime. Vitu vyote vilivyochangwa vigawanywe kabla ya sikukuu, ili siku yenyewe kila nyumba ipike pilau yake na mgeni akiingia akaribishwe kama kwingine. Vifungashwe katika mifuko ya namna moja isiyoandikwa kitu. Wapelekao waende jioni baada ya sala ya Malaika wa Bwana, wawili wawili, bila kuvaa alama ya chama. Wabishe hodi, wangoje waitikiwe, waketi wakikaribishwa, na wakipewa maji wayanywe. Katika orodha zimo pia nyumba za jirani zetu wasio wa dini yetu; hao nao wapelekewe sawasawa, wala wasihubiriwe juu ya gunia la mchele.

Nyumba zilizoandikwa ni 43. Wanachama wa kubeba ni 26, yaani wawili wawili 13. Kwa usiku mmoja hatutoshi, hasa kwa nyumba 9 zilizo ng'ambo ya mto, ambako pikipiki haifiki. Twahitaji watu wengine 14 wenye miguu mizuri na midomo mizito. Mwenyekiti atakaa chini ya mwembe baada ya kikao hiki akiwa na daftari. Wenye kutaka na waende kwake mmoja mmoja. Yeye ndiye atakayewapa wenzi wao na milango yao.