Fataki za Sikukuu na Amana ya Watoto

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini, Ulaya, wilayani Kilosa, kuelekea sikukuu ya Idi)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, s.a.w., napenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa mchezo tu. Sikukuu inakaribia, na watoto wetu wameshaanza kukusanya vibiriti.

Idi ni siku ya furaha, wala sisemi haya ili kuizuia. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao siku ya Idi, naye Mtume, s.a.w., akamwacha Bibi Aisha, r.a., awatazame. Lakini mikuki ile ilikuwa mikononi mwa wanaoijua. Fataki zetu zimo mikononi mwa mtoto wa miaka minane, nyuma ya nyumba, hali baba yuko barazani, anasikia mlio na kucheka.

Mwalimu wa madrasa huyajua mambo haya mapema kuliko mzazi, kwa kuwa vidole vinavyoshika juzuu vinanuka kiberiti. Mtoto hukwangua vichwa vya njiti, akaushindilia unga wake katika kichwa cha spoku ya baiskeli, akachomeka msumari, kisha akaupiga jiweni. Unga huo una klorati ya potasiamu, dawa inayoupa moto hewa yake yenyewe. Ikibanwa ndani ya chuma na kugongwa, haiungui polepole bali hulipuka. Chuma kikipasuka huondoka na vidole. Msumari ukirudi nyuma hulikuta jicho, na jicho lililotoboka aghalabu halioni tena.

Wako wasemao: mimi humnunulia za dukani, zile nyota za kushika mkononi. Hizo nazo huwaka kwa nyuzi joto 1,000 na zaidi, ilhali maji ya chai huchemka kwa 100! Nguo ya Idi ya binti, jinsi ilivyo laini, huyeyuka na kugandamana na ngozi. Ama zile za kurushwa angani, polisi wamekuwa wakitangaza miaka nenda miaka rudi kwamba hazirushwi bila kibali.

Hata ile Ulaya ya mbali, yenye magari ya zimamoto, haikusalimika. Mei 13, 2000, ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi ya watu lililipuka mjini Enschede, Uholanzi, likaua watu 23 na kuteketeza mtaa. Seuze Ulaya yetu hii, yenye nyumba za nyasi na maji ya kubeba kichwani? Sikukuu ikiangukia kiangazi, cheche moja yatosha.

Abu Musa al-Ash'ari, r.a., amesimulia kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku, watu wake wakiwamo ndani. Mtume, s.a.w., alipoelezwa, aliutaja moto kuwa ni adui wa watu, akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Na huo ni moto wa haja, wa kupikia na kuonea. Basi huu wa kununua kwa mkono wa Idi?

Kwa hiyo, mzazi, ukimpa mtoto mkono wa Idi muulize atanunua nini, na utazame mifuko yake. Anayeng'ang'ania kuwasha, na awashe yeye mtu mzima, uwanjani, mbali na mapaa na majani makavu, ndoo ya maji ikiwa karibu. Iliyokataa kulipuka isiendewe wala kuinamiwa; imwagiwe maji kwa mbali.

Mtoto akiungua, msimpake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mwagieni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, mumvue nguo isiyogandamana na ngozi. Jicho likipigwa lisisuguliwe wala kutiwa dawa yoyote. Lifunikwe bila kukandamizwa, na mtoto apelekwe hospitali, Kilosa au Mikumi, usiku huo huo, pasipo kungoja swala ya Idi ipite.