Mapato Yakishuka, Halmashauri Ikate Nini?



Bei ya pamba ikianguka Bunda, ushuru wa mazao unaanguka msimu uleule. Kiwanda cha samaki kikisimama Musoma, vijana wanakosa kazi, na halmashauri nayo inakosa ushuru wa mwaloni na ada za masoko. Siku hizohizo mwananchi aliyekuwa akinunua dawa kwenye duka la mtaani anarudi kupanga foleni zahanati. Serikali Kuu inaweza kukopa ikaziba pengo. Halmashauri haikopi bila idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa hiyo kubana matumizi tutabana tu, tutake tusitake. Kilicho mikononi mwetu ni kuchagua tunabana wapi, na tunaidai nini Serikali Kuu.

Mkoa huu wa Mara una historia na jambo hili la kubana matumizi. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alisimama mbele ya mabalozi Januari 1980 na kuyakataa hadharani masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Tumuenzi kwa hilo, lakini tuseme na ukweli wa pili: msimamo ule haukujaza makabati ya dawa, maana fedha za kigeni hazikuwapo. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, makubaliano na Shirika hilo yalitiwa saini. Ikaja mikazo ya matumizi, ikaja michango ya shule na ya hospitali. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa karibu asilimia 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliporomoka hadi chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Ada zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, madarasa yalifurika, ila wengi waliokwisha kupita umri hawakurudi. Hasara hiyo hakuna bajeti iliyowahi kuiandika.

Sasa angalieni mwaka 2021. Utalii ulikuwa umeyumba kwa sababu ya UVIKO-19, ukuaji wa uchumi ulikuwa umepungua, na Shirika lilelile la Fedha likatukopesha takriban shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000 nchini. Mengi yalijengwa kwa mafundi wa palepale: mchanga ukasombwa na wenye magari ya karibu, kokoto zikagongwa na kina mama, mama lishe akauza chakula kwenye eneo la ujenzi. Fedha za umma zilipita kijijini wakati fedha nyingine zimekauka. Mimi naona huo ndio mfano wa kufuata, japo mkopo ni deni na lazima lilipwe.

Hata Marekani mambo ni hayohayo. Majimbo karibu yote yanabanwa na sheria zao kusawazisha bajeti, hivyo mdororo wa 2008 na 2009 ulipoyafika, walimu walipunguzwa kazini, na serikali kuu ya Washington ikabidi iyapelekee majimbo fedha.

Turudi kwetu. Boma la zahanati mnalijua: wananchi wamechanga tofali, nguvu na fedha mpaka lenta, wakiahidiwa kwamba halmashauri itapaua. Bajeti ikikatwa, kinachokatwa kwanza ni bati la boma hilo, kwa sababu halina mtu wa kulisemea kikaoni. Mvua mbili tatu zinaosha udongo kati ya tofali, nyasi zinaota ndani, na mwenyekiti wa kijiji akiitisha mchango mwingine haji mtu. Tumeokoa fedha za bati, tumepoteza imani na ukuta.

Ndiyo maana napendekeza tuanze kukata safari, posho za vikao, mafuta ya magari na semina, hata ya namna hii ya leo. Miradi mipya isubiri. Dawa na ukamilishaji wa maboma visiguswe. Mwaka ambao pamba imelipa na sangara wamepatikana, tutenge akiba kabla hatujaanza kugawana ziada. Na pengo likizidi uwezo wetu, tuiombe Serikali Kuu ruzuku ya dharura mapema, tukiwa na takwimu za makusanyo mkononi.

Kamati za fedha za Musoma, Bunda na Butiama zianze na orodha ya maboma yote yaliyofika lenta, kata kwa kata, na kila boma liandikiwe gharama ya kulipaua, kabla mradi wowote mpya haujapitishwa.