Joto Linamsinyaza Baisani

Msikilizaji, tumezoea kusikia joto la dunia likipimwa kwa barafu inayoyeyuka. Marekani wapo waliolipima kwa kisigino.

Mtafiti Jeff Martin na wenzake walipima mifupa ya visigino vya baisani, yule nyati mwenye nundu na manyoya mazito, mingine ikiwa ya maelfu ya miaka, kwani kisigino hufichua uzito wa mwili. Dunia ilipopata joto baada ya zama za barafu, baisani walisinyaa. Wanakadiria kuwa joto likipanda kwa nyuzi 4 ifikapo mwaka 2100, wastani wa uzito utashuka kutoka kilo 665 hadi 357. Mwili mkubwa hutoa joto kwa taabu, na nyasi za nchi yenye joto hupungukiwa protini. Kwa mfugaji, hiyo ni nyama pungufu, na majike wanaochelewa kuzaa.

Hata hivyo, mnyama huyu si wa kuhurumiwa tu. Katika mbuga ya Konza, Kansas, baisani waliorudishwa waliongeza karibu maradufu aina za mimea ya asili, na mimea hiyo ikahimili ukame mkali.

Karne ya 19 risasi ziliwapunguza baisani kutoka mamilioni hadi chini ya elfu moja. Safari hii hatari inaonekana mapema. Wenye makundi, yakiwemo makabila ya wenyeji, wasaidiwe kupata maji na ardhi pana, na wapunguze idadi malishoni kabla ukame haujawalazimisha.